Hatari zinazoweza kuangusha ustaarabu, na kwa nini naanza kwa kuhesabu nafaka

Ukiwauliza watu ni kitu gani kinaweza kuumaliza ustaarabu wa binadamu, watakutajia mabomu ya nyuklia, jiwe kubwa kutoka angani, virusi, joto la dunia na, siku hizi, akili mnemba. Orodha hiyo si mbaya. Shida ni kwamba hupangwa kwa ukubwa wa kishindo: kinachotisha zaidi macho ndicho kinachowekwa juu. Kipimo ninachokiamini ni kingine. Kwa kila hatari, uliza itayafanya nini mavuno ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya kutokea, na nani atabaki na uwezo wa kuyafikisha mavuno hayo kwa mlaji. Ukizipima hivyo, hatari zilizoonekana hazina uhusiano zinakutana mahali pamoja, ghalani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mashirika ya misaada hupangia mtu mmoja kilokalori 2,100 kwa siku. Kilo moja ya nafaka kavu ina kilokalori zipatazo 3,500, kwa hiyo mtu anayekula nafaka tupu anahitaji gramu 600 kwa siku, yaani kilo 220 kwa mwaka. (Nafaka tupu haitoshi mwili, ila hapa tunahesabu uhai, si afya.) Watu bilioni 8 wanahitaji tani bilioni 1.76. Dunia huvuna nafaka tani bilioni 2.8 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kwenye karatasi tuna ziada ya tani bilioni moja. Lakini zaidi ya theluthi moja ya mavuno hayo huliwa na mifugo. Akiba inayokuwa imebaki maghalani msimu mpya unapoanza ni karibu asilimia 30 ya matumizi ya mwaka, ambayo ni miezi mitatu na nusu hivi, na sehemu kubwa yake imo ndani ya China. Huo ndio unene wa ukuta uliosimama kati yetu na njaa ya dunia nzima. Kila hatari nitakayoitaja ni nyundo inayougonga.

Nyundo nzito kuliko zote ni vita vya nyuklia, na si kwa sababu ya mlipuko. Moto wa mji mzima unaowaka kwa wakati mmoja huvuta hewa kutoka pande zote na kuirusha juu pamoja na masizi. Masizi meusi yakifika juu ya mawingu hupashwa moto na jua, hewa iliyoyabeba inakuwa nyepesi, nayo yanazidi kupanda hadi kwenye stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu. Huko hakuna mvua ya kuyaosha. Moshi wa kawaida hushuka ndani ya siku au wiki. Masizi ya stratosfia hukaa kwa miaka, yakizuia mwanga usifike mashambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vita kati ya India na Pakistan peke yake vinaweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2, na vita kati ya Marekani na Urusi, vyenye masizi tani milioni 150, zaidi ya bilioni 5. Wengi wa hao hawangekuwa katika nchi zinazopigana wala karibu nazo.

Wapo wanaopinga makadirio haya, na hoja yao ina uzito: si kila mji hushika moto kwa namna hiyo. Hiroshima iliwaka kimbunga cha moto. Nagasaki, kwa sababu ya vilima vyake, haikuwaka kwa kiwango kile. Kiasi cha masizi kinategemea mji umejengwa kwa nini, una mafuta na plastiki kiasi gani, na hali ya hewa siku hiyo. Ila tofauti hiyo inabadilisha ukubwa wa njaa tu. Utafiti huohuo uliona kwamba masizi yakizidi tani milioni 5 tu, upungufu wa chakula unaenea karibu kila nchi.

Sasa tazama jinsi vita hivyo vinavyoweza kuanza bila mtu yeyote kuvitaka. Kombora la masafa marefu linavuka kutoka bara moja hadi jingine kwa dakika 30 hivi. Likirushwa na nyambizi iliyo karibu na pwani, muda unapungua hadi chini ya nusu ya hapo. Toa dakika za kuthibitisha, za kumtafuta kiongozi na kumweleza, na zinazobaki za kuamua zinahesabika kwa vidole. Katika muda huo, mitambo imewahi kudanganya zaidi ya mara moja. Tarehe 9 Novemba 1979, kompyuta za ulinzi wa anga za Marekani zilionyesha shambulio kubwa la Kisovieti; ilikuwa data ya mazoezi iliyoingia kwenye mfumo halisi. Juni 1980, chipu moja ya senti 46 iliharibika na kuanza kuandika namba 2 mahali pa sifuri kwenye hesabu ya makombora yanayokuja. Tarehe 26 Septemba 1983, setilaiti za Kisovieti ziliona makombora matano. Ulikuwa mwanga wa jua uliogonga mawingu, na afisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaripoti kuwa ni hitilafu. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: nani anaanzisha vita vya dunia kwa makombora matano? Tarehe 25 Januari 1995 roketi ya utafiti iliyorushwa kutoka Norway ilisababisha mkoba wa nyuklia wa Rais wa Urusi, Boris Yeltsin, ule wa kuamuru makombora yarushwe, uwashwe. Norway ilikuwa imetoa taarifa mapema. Taarifa haikuwafikia waliokaa mbele ya rada.

Ukizitazama hitilafu hizi nne, utaona kwamba hakuna sehemu moja ya kurekebisha. Ya kwanza ni programu, ya pili ni kifaa, ya tatu ni kihisio, ya nne ni barua iliyokwama njiani. Ndiyo maana tiba inayofaa ni kuongeza muda: kuyaondoa makombora kwenye hali ya kurushwa papo hapo, kudai aina mbili za vihisio visivyotegemeana, kwa mfano setilaiti na rada, zikubaliane kabla ya tahadhari kupanda ngazi, na kuweka laini za simu za kijeshi zinazojaribiwa kila siku. Idadi ya vichwa vya nyuklia imeshuka kutoka 70,000 hivi mwaka 1986 hadi 12,000 hivi, na hilo ni jambo jema. Lakini mkataba wa mwisho uliokuwa ukizibana Marekani na Urusi kwa vichwa 1,550 vya masafa marefu kila upande uliwekewa ukomo wa tarehe 5 Februari 2026, na njaa ya dunia haihitaji 12,000. Inahitaji mia chache.

Volkano hufanya kazi ileile ya kuzuia jua, bila kumwomba binadamu ruhusa. Kinachopoza dunia si majivu, maana majivu huanguka upesi. Ni gesi ya salfa inayogeuka matone madogo ya asidi kwenye stratosfia na kurudisha mwanga angani kwa mwaka mmoja au miwili. Pinatubo, huko Ufilipino, ulitoa tani milioni 15 hivi za gesi hiyo mwezi Juni 1991, na joto la dunia likashuka kwa karibu nusu nyuzi. Tambora, Indonesia, Aprili 1815, ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbali: mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani, njaa ikaingia Uswisi, na mpunga wa Yunnan, China, ukaharibiwa na baridi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaupa mlipuko wa ukubwa huo nafasi ya 1 kati ya 6 katika karne hii. Hiyo ni nafasi ya kete ya pande sita kutua upande uliouchagua, kwa tukio ambalo karibu hakuna serikali iliyolipangia bajeti.

Asteroidi, kwa upande mwingine, ndiyo hatari tuliyoishughulikia vizuri kuliko zote. Zaidi ya asilimia 90 ya zile zenye upana wa kilomita moja au zaidi zinazopita karibu na dunia zimeshagunduliwa na njia zake kupigiwa hesabu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha angani cha DART, cha Marekani, kiligonga Dimorphos, jiwe lenye upana wa mita 160 hivi, kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde, na muda wake wa kulizunguka jiwe kubwa zaidi lililo jirani yake ukafupika kwa dakika zipatazo 32. Kiwango cha chini cha mafanikio kilikuwa sekunde 73. Pengo lililobaki ni mawe ya mita 140 kwenda juu, ambayo hatujagundua hata nusu yake, na yale yanayokuja kutoka upande wa jua, ambayo darubini za ardhini haziwezi kuyaona. La Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, lilikuja kwa njia hiyo. Lilikuwa la mita 20 tu, na wengi wa waliojeruhiwa walikatwa na vioo kwa kuwa walisogea dirishani kutazama mwanga. Ukiona mwako mkubwa angani, kaa mbali na dirisha. Kishindo huja baada ya dakika moja au mbili.

Mabadiliko ya tabianchi hayafanani na hayo yaliyotangulia, na ndiyo maana watu hubishana bure kama "yatatumaliza" au la. Sioni njia ya moja kwa moja ya joto kuua wanadamu wote. Ninachokiona ni kwamba yanaula ule ukuta wa miezi mitatu na nusu, mwaka baada ya mwaka, hadi siku nyundo nyingine itakapougonga uwe umebaki mwembamba. Kaboni dayoksaidi imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda kuvuka nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda.

Wastani huo unaficha mahali mavuno yanapopotelea. Ua la mpunga hufunguka kwa saa moja au mbili tu, kwa kawaida asubuhi. Joto likizidi nyuzi 35 katika dirisha hilo, chavua haishiki na punje inabaki kapi, hata kama siku nyingine zote za msimu zilikuwa nzuri. Mahindi nayo: joto kali linaua chavua, na ukame unachelewesha nywele za gunzi kuchomoza, hivyo chavua inamwagika kabla nywele hazijatoka, na gunzi linatoka na mapengo. Kwa hiyo mkulima anaweza kupoteza msimu kwa wiki moja mbaya. Hatua zinazosaidia ni za kawaida: mbegu zinazofungua ua mapema alfajiri, kupanda kwa awamu ili shamba lote lisitoe maua wiki moja, na umwagiliaji unaolengwa kipindi cha maua badala ya kugawa maji sawasawa msimu mzima. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mawimbi ya joto yanayozipiga nchi kadhaa zinazouza nafaka katika mwaka mmoja. Nchi moja ikikosa, nyingine huuza. Tatu zikikosa pamoja, kila moja inafunga mipaka.

Magonjwa ya mlipuko ya binadamu hayagusi mimea, yanagusa mikono inayoihudumia. COVID-19 ilisababisha vifo vya ziada vipatavyo milioni 14.9 katika miaka ya 2020 na 2021 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na bado maji, umeme na maroli viliendelea, kwa kuwa wengi wa waliougua walipona wakarudi kazini. Fikiria ugonjwa unaoenea hivyohivyo lakini unaua mmoja kati ya watatu: dereva na fundi wa mtambo hawatakuja kazini, na watakuwa na haki.

Ugonjwa wa namna hiyo unaweza kutoka porini, lakini mimi naogopa zaidi maabara. Virusi vya mafua vilivyozuka mwaka 1977 vilikaribia kufanana kabisa na vya mwanzoni mwa miaka ya 1950, jambo lisilowezekana kwa virusi vilivyokuwa vikizunguka na kubadilika. Vilikuwa vimehifadhiwa mahali. Mwaka 1979, huko Sverdlovsk, mji wa Kisovieti, kichujio cha hewa cha kiwanda cha kijeshi kiliondolewa na hakikurudishwa kwa wakati. Kimeta kikatoka na upepo na kuua watu wasiopungua 66. Na katika muongo uliopita watafiti waliunda upya virusi vya ndui ya farasi, jamaa wa ndui ya binadamu, kutokana na vipande vya DNA vilivyoagizwa kwa posta. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia, unaotumika tangu 1975, hauna wakaguzi hadi leo. Jambo la kwanza la kudai ni sheria inayolazimisha kila kampuni inayotengeneza DNA kukagua oda dhidi ya orodha ya vimelea hatari na kumjua mteja.

Jambo la pili liko mikononi mwa yeyote mwenye jengo. Hewa ya chumba ibadilishwe angalau mara 5 kwa saa. Chumba cha mita 6 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 90, kwa hiyo kinahitaji mita za ujazo 450 za hewa safi au iliyochujwa kila saa. Kipimo rahisi ni kifaa cha kaboni dayoksaidi: watu wakiwa ndani, kikisoma zaidi ya sehemu 800 kwa milioni, hewa haitoshi. Kosa linalorudiwa ni kuweka kichujio chenye nguvu kwenye feni dhaifu. Hewa inapita pembeni badala ya kupita ndani, na watu wanaamini wamelindwa.

Dhoruba ya jua, yaani mlipuko wa jua unaotikisa sumaku ya dunia, nayo inagonga mahali pengine kabisa: gridi ya umeme. Mkondo unaozalishwa kwenye nyaya ndefu za umeme hauendi na kurudi kama umeme wa gridi, unakwenda upande mmoja. Kiini cha transfoma kinashiba sumaku nusu ya kila mzunguko, kinapata moto, na vifaa vya kinga vinaanza kujizima kimoja baada ya kingine. Quebec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989, gridi nzima ilianguka ndani ya dakika mbili na watu milioni 6 wakakaa gizani saa tisa. Dhoruba ya mwaka 1859 ilikuwa kubwa zaidi. Setilaiti zilizoko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa hutoa onyo la uhakika la dakika 15 hadi 60, muda wa kutosha kupunguza mzigo na kurudisha laini zilizokuwa kwenye matengenezo, ikiwa tu waendeshaji wana mwongozo ulioandikwa tayari. Transfoma kubwa iliyoungua hainunuliwi dukani: inapimwa kwa mamia ya tani, hutengenezwa kwa oda, na husubiriwa kwa mwaka au zaidi. Bila umeme, mafuta hayapampiwi na amonia haitengenezwi, na karibu nusu ya wanadamu wanakula chakula kilichokuzwa kwa mbolea itokanayo na amonia ya viwandani.

Kuhusu akili mnemba, nitasema machache kwa kuwa ni kigeni kuliko yote. Mei 2023 watafiti wakubwa wa fani hiyo, akiwamo Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio, walitia saini tamko la kuiweka kwenye daraja moja na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Hatari ninayoiona mapema ni kuiruhusu iingie kwenye zile dakika chache za uamuzi wa nyuklia, au impe asiye na ujuzi mwongozo wa kutengeneza kimelea. Zote mbili zinaweza kupigwa marufuku leo bila kusubiri mjadala wa falsafa uishe.

Turudi ghalani. Ikitokea jua limefifia, kwa volkano au kwa vita, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko wingi wake. Wiki ya kwanza, simamisha nafaka inayogeuzwa mafuta. Nchini Marekani zaidi ya theluthi moja ya mahindi huenda kwenye ethanoli. Mwezi wa kwanza, chinja nguruwe na kuku wengi wanaoshindania nafaka na binadamu, na ubakize ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaoishi kwa majani na mabua. Kila mwezi wa kusitasita ni chakula cha watu kinachoishia kwenye mabanda. Kisha hamisha mazao: viazi, shayiri na ngano visogezwe kuelekea ikweta. Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa sababu aina za viazi za nchi za kaskazini zimezoea siku ndefu, na ukizipanda kwenye siku za saa 12 hufanya mizizi mapema na kuzaa kidogo. Mbegu zinazofaa lazima ziwe zimejaribiwa na kuzidishwa kabla ya janga. Hifadhi ya mbegu ya Svalbard, Norway, iliyofunguliwa 2008, inalinda nakala za aina za mbegu kwa nyuzi 18 chini ya sifuri; haina mbegu za kupanda mashamba ya nchi. Mwani, uyoga, na protini ya bakteria wanaolishwa methani vinaweza kuziba pengo, lakini viwanda huchukua miezi kujengwa, na miezi hiyo ndiyo akiba ya nafaka inayotakiwa kuifidia.

Jambo linaloweza kuharibu yote hayo ni hofu. Mwaka 2007 na 2008 mpunga haukuwa haba duniani, ila India, Vietnam na wengine walizuia mauzo nje, waagizaji wakakimbilia kununua, na bei ikapanda karibu mara tatu ndani ya miezi michache. Iliposikika kwamba Japani ingeweza kuachilia mchele iliouhifadhi, bei ilianza kushuka kabla mchele haujaondoka ghalani. Makubaliano ya kutofungiana mipaka yanapaswa kutiwa saini mwaka wa neema.

Kwa ngazi ya familia au kijiji, akiba ya miezi mitatu ni kilo 55 za nafaka kwa kila mtu. Nafaka iwe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, jaza nafaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha nafaka juani. Ukifungia nafaka mbichi kwenye mfuko usiopitisha hewa unaiharibu zaidi, na kuvu wakishatoa sumukuvu, kupika hakuiondoi. Nafaka kavu itie kwenye mfuko wenye tabaka mbili za plastiki ndani, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake. Fukusi na dumuzi waliobaki watamaliza oksijeni na kufa wenyewe. Panya akitoboa tundu moja, hewa inarudi na wadudu wanaendelea. Kwa hiyo weka mifuko juu ya vichanja, mbali na ukuta, na uikague kila mwezi kwa nje bila kuifungua.